Picha ya Dhahabu ya Dani

Mwenye duka la dawa alidhani mzee niliyefanya kazi naye hana damu ya kutosha. Kila baada ya wiki chache mzee aliingia dukani kwake, pale mjini Kisumu, akaomba chumvi ya chuma, zile chembe za kijani ambazo wauza dawa wa zamani walizikoroga kwenye maji ya sukari wakawapa akina mama waliotoka kujifungua. Mwenye duka alimpimia, akampa pole, akamshauri ale maini na mboga za majani. Mzee alimshukuru kwa heshima zote, akaibeba dawa yake hadi studio yetu upande wa Kondele, akaipaka kwenye karatasi.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa amefundisha kemia shule ya upili huko Bondo miaka mingi, na alipostaafu alitoka na kamera kubwa ya mbao, makoti mawili, na tabia ya kukuuliza swali ambalo jibu lake analijua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba. Kazi yangu ilikuwa kurekebisha negativu. Filamu ya kamera ile ilikuwa kubwa kama ukurasa wa daftari, na ukiigusa kwa ncha ya penseli iliyochongwa vizuri, pale ulipogusa hutokea peupe kwenye picha. Kwa penseli hiyo niliondoa chunusi za mabibi harusi, makovu ya madereva na usingizi chini ya macho ya makarani. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Mkono kama wangu haukuwepo kuanzia Kondele hadi gatini.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na picha za rangi zilikuwa zimeingia mjini kwa kishindo. Watu walizipenda, na Mwalimu alizichukia kama mtu anavyomchukia mkwe mlevi. Alisema joto letu na unyevu wa ziwa vitazila zote kabla watoto waliomo ndani hawajaota ndevu. Katika kitabu chakavu cha kemia alikuwa amesoma kwamba zamani watu waliweza kutengeneza picha kwa dhahabu, na dhahabu haipati kutu wala haichuji. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na mimi pia sikulala, maana alikuwa akinieleza.

Dhahabu yenyewe aliipata kwa wachimbaji wa upande wa Migori. Ilikuwa unga, na ilisafiri hadi Kisumu ndani ya mrija wa kalamu uliozibwa kwa nta pande zote mbili. Tuliiyeyusha nyuma ya studio kwa tindikali za aina mbili zilizochanganywa, ndani ya chupa ya kioo, huku tumesimama upande unakotokea upepo. Moshi wa kahawia ukapanda, ukavuka ua. Jirani yetu aliyekuwa akiuza nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, alikuja akiwa ameziba pua kwa leso.

"Mwalimu, kama ni chang'aa mnapika, sema tu," alisema. "Lakini hii imeungua."

Mwalimu alimwita asogee aone. Mle ndani ya chupa kulikuwa na maji ya manjano yaliyokolea, hayana mng'aro wowote. Jirani aliyatazama, akatutazama na sisi, akarudi kwenye sufuria yake. Nadhani alituombea.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unapaka karatasi nzito ya kuchorea ile dawa ya damu, unaikausha ndani ya kabati lenye giza. Ikikauka unalaza negativu juu yake, unazifunga pamoja chini ya kioo, unazitoa juani. Jua likishapita kwenye filamu unakimbia nazo ndani, kwenye chumba chenye pazia zito, na hapo juu ya karatasi huoni kitu cha maana, kivuli tu cha rangi ya chai ya maskini. Sasa unachovya brashi kwenye maji ya dhahabu na kuipitisha mara moja, upande hadi upande, bila kusitasita. Na picha inakuja. Inakuja ikiifuata brashi, ya zambarau, na uso wa mtu unakutazama kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Niliiona mara nyingi na kila mara nilicheka peke yangu kwa furaha. Baada ya hapo ni kuosha kwa maji yenye uchachu wa ndimu, na kuosha tena, na tena.

Hiyo ni siku iliyokwenda vizuri. Siku nyingi hazikwenda vizuri. Brashi ikisita inaacha mstari. Karatasi ikikosa kukauka, picha inatoka madoa. Halafu kuna hewa ya ziwa, ambayo ilikuwa na maoni yake: siku kavu tulipata zambarau yenye wekundu, na siku ambazo mvua ilikuwa njiani tulipata buluu ya wino. Tulijaribu picha za majani ya mpapai, tukajaribu mikono yetu wenyewe, tukajaribu daraja la Nyando. Wakati Mwalimu alipotangaza kwamba sasa tumeiva, maji ya dhahabu yaliyobaki chini ya chupa yalitosha karatasi mbili.

Ndipo Dani alipokuja mjini. Dani ni bibi, mama yake baba yangu, na aliishi Katito, nyumba ya tatu ukitoka sokoni. Alifika studio na mkoba wenye mayai ya kuchemsha, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akaingia kwenye jambo lake moja kwa moja. Alizungumza Kijaluo siku zote. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili.

"Babu yako nimemtundika ukutani miaka minne tu," aliniambia, "na ameanza kuondoka tena. Uso umeenda. Limebaki koti na tai."

Ilikuwa kweli. Picha ile ya rangi niliipeleka kuchapishwa mimi mwenyewe, kwa haraka, wiki ya mazishi.

"Watoto wako wewe bado hawajakuja," akaendelea. "Wakija, mimi sitakuwepo. Nataka waangalie ukutani wajue dani yao ni yupi. Sitaki waonyeshwe koti. Nimesikia mzee huyu ana picha isiyoondoka."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, dhahabu imebaki ya karatasi mbili peke yake. Moja ni yako."

"Na ya pili?"

"Hiyo nimewekea makosa."

"Basi usikose," Dani akasema, akamenya yai.

Alipigwa picha asubuhi hiyo hiyo, uani, mbele ya shuka jeupe. Kamera ya mbao ilitaka mtu atulie, na Dani alitulia vizuri sana mpaka Mwalimu alipoingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. Mwanamke yule hakuwahi kuona mwalimu wa sekondari akijificha chini ya blanketi saa tatu asubuhi. Alicheka. Mwalimu, ambaye kwa mambo mengine alikuwa mzito, hapo alikuwa na kasi ya paka, na akamnasa katikati ya kicheko.

Niliposafisha filamu nikaona kwamba kicheko kimetoka sawasawa, na pengo limetoka sawasawa pia. Dani hakuwa na meno sita ya chini mbele. Wajaluo wa rika lake waling'olewa wakiwa bado wasichana na wavulana, hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na asiyeng'olewa alionekana mtoto. Sisi tuliozaliwa baadaye hatukung'olewa. Na mjini, kusema ukweli, tulikuwa tumeanza kuona haya. Karani akimleta mama yake studio, alinivuta pembeni kwanza na kuninong'oneza, "Dada, utamwekea meno kidogo." Nikamwekea. Niliwawekea meno wazee wa kanisa, wakunga, na chifu mmoja mstaafu. Wote walipelekewa picha na watoto wao, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Kwa hiyo sikumuuliza mtu. Nilikaa dirishani mchana kutwa na penseli tatu, nikamtengenezea bibi yangu meno sita. Sikumpa meno meupe ya tangazo la dawa ya mswaki. Nilimpa meno ya mtu mzima aliyekula mahindi ya kuchoma maisha yake yote, moja limeegemea jingine kidogo. Nilipomaliza nikapunguza na makunyanzi mawili ya shavuni, kama zawadi. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilikuwa na furaha ya kijinga.

Mwalimu hakuikagua negativu, maana aliniamini. Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa kali na hewa kavu, tukaichapisha. Brashi ilipita mara moja, na Dani akatokea kutoka kwenye paji la uso kuteremka chini, zambarau, akicheka na meno yote. Mwalimu akainamia sinia la maji.

"Hii meno imetoka wapi?" akauliza.

"Kwangu."

"Yeye alisema unamwekea?"

"Ni mshangao, Mwalimu. Atafurahi."

"Sawa," akasema. "Ni bibi yako, si bibi yangu." Akaenda kunawa mikono.

Jumamosi nikaipeleka Katito, ndani ya fremu na kioo. Dani alikuwa amekaa kivulini pamoja na rafiki yake wa tangu utoto. Wawili hawa walizaliwa kijiji kimoja, wakaolewa maboma mawili yanayopakana, na kwa miaka zaidi ya hamsini walikuwa wameamka kila siku wakaangalia kwanza kama moshi unatoka jikoni kwa mwenzake. Nikaitoa kwenye gazeti nililoifungia, nikampa Dani picha yake, nikasubiri kusifiwa.

Aliishika kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali, akaileta karibu.

"Ma to en ng'a?" akauliza. Yaani, na huyu ni nani?

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akampa rafiki yake, na rafiki yake alikuwa na macho ya kuona omena, vile vidagaa vya ziwani, ndani ya maji. Naye akaikagua kwa makini, kwa nia njema kabisa.

"Ni yule dada ya mke wa mchungaji?" akajaribu. "Yule wa Ahero?"

Nikaeleza. Nikasema ni Dani mwenyewe, nimemrekebisha tu meno, mjini wote wanafanya hivyo, inapendeza. Nilizidi kueleza na sauti yangu ikazidi kuwa ndogo. Dani alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka kidole kwenye kioo, juu ya yale meno sita.

"Siku hiyo nililazwa chini, kichwa kwenye mapaja ya shangazi," alisema. "Walitumia kisu cha chuma. Meno sita. Sikulia. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, na baba akanipa kuku mzima. Hiyo ndiyo siku nilipokuwa mtu. Wewe umeifuta kwa penseli."

Hakugomba, na ningependa angegomba. Alinirudishia picha, akaniuliza kama nimekula. Nilikula, maana Dani hakumwachilia mtu na njaa hata akiwa amemkasirikia, lakini samaki aliyenipa sikumbuki ladha yake. Niliona aibu mpaka masikioni. Kumfurahisha kulikuwa kisingizio. Nilimwekea meno ili wenzangu wa mjini wakija kwangu na kuona ukuta wangu wasicheke.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu kila kitu, pamoja na hilo la mwisho. Aliniangalia kama alivyomwangalia darasani, nadhani, mtoto aliyevunja chupa. Kisha akaleta ile chupa ya dhahabu, akainamisha tuone yaliyobaki.

"Hii ndiyo ile ya makosa," akasema. "Bahati tumefanya kosa moja tu. Sasa toa hiyo meno yako."

Penseli hutoka kwenye filamu kwa pamba na tapentaini, ukiwa na subira. Ukikosa subira unakwaruza, na ukikwaruza hakuna dawa, utakuwa na bibi mwenye mkwaruzo mdomoni milele. Ningeweza kumrudisha Dani mjini apigwe upya, lakini kicheko kile kilikuwa cha blanketi, na blanketi alishaliona. Kwa hiyo nilikaa dirishani pale pale nilipokuwa nimekaa na fahari yangu, nikang'oa meno sita, moja moja, nikibadilisha pamba kila baada ya kugusa. La nne lilinisumbua. Nilikuwa nimelipenda mno, nikalikandamiza. Lilipotoka nilitoa pumzi ambayo Mwalimu aliisikia kutoka chumba cha pili. Nikarudisha na yale makunyanzi mawili.

Halafu mvua ikaamua kukaa. Siku tatu tulitazama mawingu yakija kutoka ziwani, na Mwalimu hakukubali kuthubutu. Siku ya nne jua likatoka likiwa limechujwa, na hewa ilikuwa nzito. Akasema tukingoja zaidi, yale maji chini ya chupa yatakauka yenyewe. Tukatoka. Nilishika fremu ya kuchapishia juani. Ndani ya pazia akanipa brashi.

"Mimi?"

"Nani mwingine amekosa?"

Nikaipitisha. Upande hadi upande, mara moja, bila kupumua. Paji la uso, macho yaliyofinywa na kicheko, pua, na kisha pengo, jeusi na pana, na ulimi nyuma yake ukionekana kidogo. Hewa ya ziwa ilikuwa imesema lake: haikuwa zambarau safari hii, ilikuwa buluu iliyokolea, rangi ya mlima upande wa Homa Bay mvua inapokaribia. Mwalimu alipiga makofi mara mbili. Sikuwahi kumwona akipiga makofi, na nikalia kidogo, nikasema ni tindikali.

Katito niliwakuta mahali pale pale, wote wawili, wakichambua maharagwe. Nikampa Dani picha mpya. Dani aliitazama, akapitisha ulimi ndani ya pengo lake bila kujua kwamba anafanya hivyo. Kisha akampa mwenzake, naye nikaona anajaribu kuuweka uso wake sawa kwa ajili ya mtihani. Hakuhitaji. Alipoitupia jicho tu, mabega yakaanza kucheza.

"Huyu ninamjua," alisema. "Huyu ndiye aliyelia."

"Nani alilia?" Dani akauliza.

"Wewe. Mimi nilikuwa wa pili kwenye mstari, nilikuwa pale. Alilia mpaka ng'ombe wakaacha kula," akanigeukia mimi. "Shangazi yake alimziba mdomo, akamng'ata shangazi, na bado meno matatu hayajatoka. Kuku alipewa ili anyamaze."

Dani alinyoosha mgongo. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha blanketi, akainama mpaka maharagwe yakamwagika.

"Basi yule wa meno ndiye ambaye hakulia," akasema. "Nirudishie yule."

Tulipokuwa tukiokota maharagwe, rafiki yake aliendelea kuishika picha mapajani. Alifuta kioo kwa kanga ingawa kilikuwa safi.

"Na yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli, kwamba dhahabu imekwisha, hata tone halikubaki.

"Sikukuuliza dhahabu, nyathina, mtoto wangu. Nimekuuliza picha."

Hakuwahi kupigwa picha isipokuwa ile ya kitambulisho, na nyumba yake haikuwa na hata koti ukutani. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kamera ndogo ya studio, ile ya harusi, na filamu ya kawaida. Nikawaweka bega kwa bega, na walikuwa bado hawajamaliza kucheka.

Dani alituacha miaka mitatu baadaye, na rafiki yake akamfuata kabla ya mavuno. Watoto wangu hawakumkuta hata mmoja wao. Sasa ile ya pengo na ile ya wawili ziko sebuleni kwangu; ile ya meno iko kabatini. Ile ya dhahabu ni buluu kama siku ile, haijapoteza hata kunyanzi moja, na Mwalimu kila akija kunywa chai husimama mbele yake, mikono nyuma. Ile ya kawaida imeanza kuwa kahawia, na vikongwe wawili ndani yake wamefunga vilemba vinavyofanana, wamefumba macho, vinywa wazi, mapengo mawili. Mgeni akiuliza ni yupi dani yao, wanangu hutazama kwanza ile ya buluu, kisha humgusa kwa kidole mmoja wa wale wawili kwenye ile ya kahawia, bila kukosea.

"Huyu," husema. "Aliyelia."